Mapipa yalikuwa wazi: shajara ya usafi baada ya tamasha

Ijumaa, saa 11 jioni

Mpango umekamilika. Mapipa 60 yamesimamishwa uwanjani, kila moja na mfuko wake ndani, na mifuko ya akiba imefungwa mafungu mafungu nyuma ya jukwaa. Wajitolea 24 wamethibitisha kuwa watafika Jumapili saa 1 asubuhi. Tamasha linakwisha kesho saa 4 usiku, kwa hiyo taka zitalala uwanjani saa tisa. Mara iliyopita tulifanya hivyo hivyo, na kufika saa 6 mchana tulikuwa tumekwisha kunawa mikono.

Fomu yetu ina mstari mmoja wa hali ya hewa. Utabiri unasema upepo wa km 24 kwa saa kesho alasiri, mvua hakuna. Nimejaza: "Kavu. Upepo wa kawaida." Neno "kavu" nimelipigia mstari, maana mwaka wetu wa kwanza matope ndiyo yaliyotutoa jasho.

Jumamosi, saa 5 usiku

Watu wameshaondoka. Nimezunguka uwanja mzima na tochi na sikuamini macho yangu: nyasi zinaonekana. Karibu kila mtu ametupa taka pipani. Pale pipa lilipojaa, watu wameweka chupa kwa adabu kuzunguka miguu yake, zimesimama kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Mapipa yenyewe yamejaa hadi yamefanya vichuguu juu.

Nimepiga picha na kuituma kwenye kundi letu la simu: "Hongereni. Kesho ni kazi nyepesi."

(Ujumbe huo haujafutwa. Kuna kijana mmoja hunirudishia kila asubuhi, bila neno la ziada.)

Jumapili, saa 11 na dakika 40 alfajiri

Simu kutoka kwa mzee mlinzi wa uwanja, mtu ambaye hana tabia ya kupiga simu.

"Mwanangu, umelala?"

"Nimeamka, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo na watu. Usije peke yako."

Jumapili usiku

Mikono inaniuma na macho yamejaa vumbi, lakini nikilala bila kuandika nitasahau mpangilio wa makosa.

Kwa maelezo ya mzee, hewa ilikuwa imetulia hadi saa 8 usiku. Kisha ubaridi ukaingia ghafla, kama mtu kafungua mlango, na baada yake zikaja kelele za mapipa yakianguka gizani moja baada ya jingine. "Nilidhani wezi," akasema. "Nikapuliza filimbi. Upepo nao ukapuliza ya kwake."

Tulipofika, mapipa 38 kati ya 60 yalikuwa yamelala. Yaliyobaki wima hayakuwa na nafuu: mifuko ilikuwa imechomoka na kugeuka ndani nje kama soksi, na kilichokuwamo hakimo. Mahema mawili ya vibanda yalikuwa yamepinduka miguu juu. Turubai la jukwaa lilishikwa na kamba moja tu na lilikuwa likijipiga kwa sauti iliyotufanya wote tuongee kwa kupaza sauti, hata tulipokuwa tumesogea mbali nalo. Vipeperushi vya ratiba vilikuwa vimetimiza jina lao.

Kosa la kwanza: tulianza jukwaani, kwa sababu ndiko kulikotia aibu. Sasa jukwaa liko upande ule upepo ulikotokea. Kwa muda wa saa mbili tulipendezesha sehemu ambayo tayari ilikuwa imepigwa fagio na upepo, huku upande wa pili wa uwanja taka zikitoka nje kwa wingi kuliko tulizokuwa tukiziokota. Mmoja wetu aliyekulia kwenye vyombo vya baharini ndiye aliyesimama na kutuuliza kwa nini tunafanya kazi joshini wakati mali yote inapotelea demani. Joshini ni upande wa chombo upepo unakotoka, demani ni ule unakoelekea. Tangu saa hiyo hayo ndiyo maneno yetu ya kazi, hata kwa wale ambao hawajawahi kupanda ngalawa.

Kosa la pili: mifuko. Mtu mmoja anashika mfuko, upepo unaujaza, mfuko unamvuta mtu. Tulijifunza polepole. Jiwe la ukubwa wa ngumi ndani ya mfuko, chini kabisa. Mdomo wa mfuko uelekezwe joshini, usiupe upepo mgongo. Ukiulisha hivyo unabaki wazi wenyewe, na ukiachia karatasi mbele yake inaingia bila kusukumwa. Ukijaa nusu, funga. Usingoje ujae, maana mfuko uliojaa hewa na vikombe vitupu ni tanga.

Tukaenda demani. Huko kuna ua wa muda wa wavu wa waya, vipande vya mita 3 kwa 2, na ulikuwa umetufanyia kazi usiku kucha. Karatasi, mifuko, tishu, sahani, vyote vilikuwa vimebandikwa ukutani kama vibandiko. Tulifurahi. Mtu akasema tuuache uendelee kukamata, tumalizie katikati kwanza.

Saa 9 mchana ua ukalala. Vipande 11, kimoja kikivuta kingine, na mzigo wote wa taka ukapanda hewani mara ya pili na kuvuka barabara. Aliyekuwa amesimama karibu na kona hiyo alikuwa ametoka dakika chache kabla kwenda kunywa maji. Hilo nimeliandika kwenye ripoti kwa herufi kubwa.

Nimepiga hesabu sasa hivi mezani. Ua wa wavu mtupu hauogopi upepo, kwa kuwa upepo unapita. Uzibe kwa taka, umejenga ukuta. Kipande cha mita 6 za mraba kilichozibwa, kikipigwa na upepo wa km 24 kwa saa, kinasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 17. Hapo mtu angeweza kukizuia kwa mkono. Lakini msukumo wa upepo hauongezeki sambamba na kasi, unaongezeka kwa mraba wake: kasi ikizidi maradufu, msukumo unazidi mara nne. Kwa km 48 kwa saa ni kama kilo 67. Mtu mzima ameegemea kila kipande, na miguu ya ua huo ilikuwa imewekewa vizito vya kuzuia umati wa watu, si vya kuzuia tanga.

Kama kwenye ua huo yangefungwa mabango ya kitambaa kizito, ungeanguka mapema zaidi. Bahati nzuri waliotengeneza mabango walitumia yale yenye vitundu. Sijui kama walijua au walinunua tu yaliyokuwepo.

Mifuko ya leo: 31. Kiasi kilichotoka nje ya uwanja: zaidi ya hicho, nadhani.

Jumatatu

Asubuhi sikuokota kitu. Nilitembea na daftari tu, na kuna walioninong'ona.

Nilichokiona kinanifanya nitake kuandika kwa urefu. Tulikuwa tunasema "taka zimetapakaa," kana kwamba zimetupwa ovyo. Hazikutupwa ovyo. Upepo ulizipepeta. Mtu akipepeta nafaka, punje zinamwangukia miguuni na makapi yanakwenda mbali, na kila kitu kinapata mahali pake kulingana na uzito na umbo. Uwanja wetu ndivyo ulivyo.

Karibu na mapipa, hatua tatu au nne tu: chupa zenye mabaki ya kinywaji. Nusu lita ya maji ni nusu kilo, na upepo ule haukuwa na habari nazo. Chupa tupu zilikuwa zimeviringika hadi kwenye mtaro wa kwanza, zikalala humo zote, zimejipanga kwa urefu kama magogo. Hakuna chupa hata moja iliyovuka mtaro.

Vikombe vilinishangaza. Nilitarajia vikombe vitupu viwe vimekwenda mbali kuliko chupa, kumbe vingi vilikuwa bado katikati ya uwanja. Nilikisukuma kimoja kwa kidole cha mguu nikaelewa: kikombe ni kipana juu na chembamba chini, kikiviringika hakishiki mstari ulionyooka, kinazunguka duara na kurudi karibu na kilipotoka. Usiku kucha vilikuwa vikicheza ngoma ya kuzunguka mahali pamoja. Sahani za karatasi ndizo zilizosafiri. Sahani ikisimama kwa ukingo ni gurudumu.

Vipeperushi vilivyoangukia nyasi zenye umande vilibandika chini na kukaa. Vilivyoangukia lami vilivuka barabara. Tishu zote ziko kwenye uzio wa miiba wa jirani, nyeupe, kutoka mbali unadhani umechanua. Mifuko ya plastiki iko mitini. Na vipande vya polistaireni, lile povu jeupe gumu la kufungashia vyombo, vimepita vyote hivyo na kufika kijitoni, kwa sababu karibu ujazo wake wote ni hewa iliyofungwa.

Halafu kuna hazina. Nyuma ya vyoo vya muda, upande wa demani, tulikuta rundo lililofika magotini, limekusanywa vizuri utadhani mtu kalifagia. Upepo unapopita juu ya kizuizi, nyuma yake unapoteza kasi na kuanza kujizungusha, na hapo unatua mzigo wake, kama mto unavyotua mchanga kwenye maji yaliyolala. Nikaenda kwa makusudi nyuma ya kila kitu kilichosimama: gari la jenereta, rundo la viti, kona ya ndani ya ukuta. Kila mahali rundo. Watu wanne walijaza mifuko 9 kwa muda ambao jana tungejaza miwili.

Kwa hiyo nimegawa upya vikosi. Jana niligawa kwa eneo: nyinyi kaskazini, nyinyi kusini. Kuanzia leo nagawa kwa aina ya taka. Kikosi cha mtaro kina toroli na hakihitaji koleo za kuokotea. Kikosi cha miiba kina glavu nene na subira. Kikosi cha kijito kesho kutwa. Kikosi cha mitini bado hakijapata watu, na ninaelewa kwa nini.

Jioni walikuja majirani. Mama mmoja alileta ndoo imejaa hadi juu, akaiweka mbele yangu: "Hizi ni zenu." Nilianza kuomba radhi kwa hotuba, akanikatiza. Alichotaka ni ndoo yake irudi. Mwingine, bwana mmoja, alitaka kujua ni nani atakayesafisha mfereji wa paa lake. Nikamwambia sisi. Sikuwa nimewauliza wenzangu.

Jumanne

Mambo mawili tumeyajaribu leo.

La kwanza, saa. Nimehamisha zamu kutoka saa 1–6 kwenda saa 12–3 asubuhi. Kwa siku za kawaida upepo wa karibu na ardhi huwa mdogo alfajiri, kwa sababu ardhi iliyopoa usiku huiacha hewa ya chini imelala. Jua likipasha ardhi, hewa inapanda na kushuka, na ile yenye kasi ya huko juu inaletwa chini. Ndiyo maana alasiri ndiyo mbaya. Tulipofika saa 12 na robo, mfuko ulining'inia mkononi mwangu bila kutikisika. Katika saa tatu tulimaliza robo nzima ya uwanja. Saa 3 na nusu karatasi ya kwanza ilipita miguuni mwangu ikienda zake, nikawaambia watu wakanywe kitu.

La pili, maji. Mtu alipendekeza tunyunyizie taka nyepesi ili zisiruke, na ni kweli: karatasi ikilowa inatulia. Lakini ikilowa sana inabandika nyasini, na ukiivuta inakuachia kipande na kubaki na kipande. Tishu ndiyo usiseme, ilikuwa uji. Na karatasi zote tulizozilowesha zilikataliwa na wanaochukua taka za kurejelezwa, kwa kuwa zilikwisha changanyika na udongo. Uamuzi: kunyunyizia ni kwa marundo tu, wakati wa kuyafunika kwa turubai, si kwa uwanja mzima. Aliyependekeza hakufurahi, lakini ndiye aliyeshika mpira wa maji na ndiye aliyekwangua tishu.

Jumatano

Kijito.

Polistaireni haifi. Kipande kimoja kinavunjika kuwa punje, na punje zinaelea, na kila punje inahitaji mkono wake. Tulianza kwa kuchota kwa chujio, tukatazamana, tukaacha. Halafu tukafanya kilichopaswa kufanywa tangu Jumapili: tukafunga kizuizi. Kamba nene kutoka ukingo hadi ukingo, imefungwa chupa tupu ili ielee, na kitambaa cha wavu kikining'inia kama kiganja chini ya maji. Hatukuivusha kamba moja kwa moja. Tuliipitisha kwa mshazari, ili maji yenyewe yasukume vitu vinavyoelea kuelekea ukingo mmoja, mahali ambapo mtu anaweza kusimama bila kulowa kiuno. Chupa, bila shaka, tulizitoa mtaroni.

Kufikia jioni kona ile ilikuwa nyeupe. Mfuko mmoja uliojaa povu hilo nilimpa mtoto wa jirani aubebe na akakimbia nao. Uzito wake ni kama wa mfuko mtupu. Ndiyo shida yenyewe. Kwenye mizani polistaireni si kitu, na ripoti zetu zote hupima taka kwa kilo.

Alhamisi

Mvua. Hakuna kazi. Kizuizi kimeshika.

Ijumaa, baada ya kikao

Kikao kilikuwa kirefu na ajenda yake ya kwanza ilikuwa rasimu ya tangazo. Rasimu ilikuwa na maneno "utovu wa ustaarabu" mara tatu na ilikuwa ikielekezwa kwa "baadhi ya wahudhuriaji."

Nikatoa simu na kuonyesha picha ya Jumamosi saa 5 usiku. Nyasi, mapipa, chupa zimesimama kwa adabu. Nikauliza ni nani kati ya hao aliyekosa ustaarabu. Mwenyekiti akasema kwamba bila taka kusingekuwa na kitu cha kupeperushwa, jambo ambalo ni kweli na halisaidii. Watu elfu kadhaa wakikaa mahali kutwa nzima, taka zitakuwepo. Walizipeleka mahali tulipowaambia wazipeleke. Sisi ndio tuliowaambia wazipeleke kwenye pipa lisilo na mfuniko, tukaenda kulala.

Nikalazimika kusimulia na upande wangu. Ule mstari wa fomu, "upepo wa kawaida." Kipimo cha Beaufort, cha nguvu ya upepo, kinaanzia 0 hadi 12. Francis Beaufort, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alikitunga mwaka 1805 kwa ajili ya meli, na karne moja baadaye kikaongezewa dalili za nchi kavu. Upepo wa km 20 hadi 28 kwa saa ni namba 4, na dalili yake ya nchi kavu ni kwamba huinua vumbi na karatasi zilizolegea. Kwa hiyo, ile km 24 niliyoipita kwa neno "kawaida" ilikuwa ikiniambia wazi kwamba karatasi zitaruka. Na hiyo ni wastani tu. Upepo unaotangazwa hupimwa kwa kawaida kwenye urefu wa mita 10 na kupigwa wastani wa dakika 10. Mpigo wa ghafla, ule wa sekunde tatu, unaweza kuzidi wastani huo kwa nusu au zaidi. Pipa haliangushwi na wastani.

Lakini kosa kubwa si hilo. Nilisoma utabiri wa alasiri ya Jumamosi kwa sababu ndipo tamasha lilipokuwa. Sikufungua ukurasa wa usiku. Nilisoma utabiri wa tamasha, sikusoma utabiri wa taka.

Mjumbe mmoja akakumbusha kisa cha Cleveland, Marekani, Septemba 27, 1986. Katika shughuli ya kuchangisha fedha waliachia hewani karibu maputo milioni 1.5 kwa pamoja. Waliona mvua inakuja, wakawahi kuyaachia. Hewa baridi na mvua vikayarudisha chini yakiwa bado yamejaa, yakatapakaa mjini na kwenye Ziwa Erie, njia ya kurukia ndege ya uwanja mmoja ikafungwa kwa muda, na walinzi wa pwani waliokuwa wakiwatafuta wavuvi wawili wakapata taabu kutofautisha vichwa vya watu na maputo juu ya maji. Kikao kilinyamaza kidogo. Kisha mwenyekiti akasema sisi hatukuachia maputo. Nikamjibu kwamba wale wa Cleveland angalau walikuwa wakiangalia mawingu.

Hapo nilizidisha, na nilimwomba radhi mlangoni.

Tangazo limefutwa. Badala yake itapelekwa barua ya shukrani kwa wahudhuriaji na ya kuomba radhi kwa majirani, na mimi ndiye nitakayeiandika. Tulichokubaliana kuhusu kazi: hakuna taka itakayolala uwanjani ndani ya pipa lisilofungwa. Kikosi cha watu 8 kitaanza kufunga mifuko nusu saa kabla ya wimbo wa mwisho, wakitokea demani kuelekea jukwaani, na mifuko iliyofungwa itaingia kwenye gari lenye mwili uliozibwa usiku ule ule. Mapipa yatawekewa mawe chini ya mfuko, si juu. Wavu wa kukamata taka utafungwa mbali na ua, kwenye vigingi vyake wenyewe, na utasafishwa kila saa. Nimesisitiza hili hadi wakachoka. Wavu wenye matundu hupunguza kasi ya upepo nyuma yake kwa umbali unaofika kama mara kumi ya kimo chake, bila kuzua vile vimbunga vidogo ambavyo ukuta mzima huvizua, lakini faida hiyo ni ya wavu ulio wazi.

Kuhusu vibanda kutotumia polistaireni kabisa, hatukufika mwisho. Msimamizi wa vibanda anasema wenye vibanda wameshanunua akiba. Nimempa mfuko wa kijitoni akae nao ofisini.

Jumamosi

Mitini. Mianzi mitatu iliyounganishwa, ndoano ya waya kwenye ncha, na mtu wa kushika shingo yake baadaye. Mifuko 22 ya plastiki kutoka miti 6. Ukivuta kwa nguvu unachanika na mkia unabaki. Inabidi kusokota kwanza, kama unavyosokota uzi, mpaka mfuko wote ukae kwenye ndoano, ndipo uvute. Kijana wa ule ujumbe wa simu ndiye bingwa wa kazi hii na leo hakunitumia.

Mti mmoja umeachwa. Una mfuko uliozungukana na waya wa umeme. Hakuna mwanzi wetu utakaosogea hapo. Nimeandika namba ya nguzo na kuwaarifu wahusika.

Mfereji wa paa la bwana yule umesafishwa. Ulikuwa na majani ya miaka mingi na vipeperushi vyetu viwili. Tumetoa vyote.

Jumla ya mifuko hadi leo: 94, kijito na miti pamoja. Mara iliyopita ilikuwa 70. Ndoo imerudi kwa mwenyewe.

Jumatano, wiki ya pili

Jaribio la vifuniko. Fundi ametutengenezea 20 vya kuanzia: bapa la plastiki nene lenye tundu la duara katikati, upana wa kiganja na nusu, bawaba upande mmoja na mpira wa kufungia upande wa pili. Tundu likiwa kubwa upepo unaingia, likiwa dogo watu wanaweka taka juu ya mfuniko. Hilo la pili ni bashiri yangu tu, lakini ndivyo ningefanya mimi mwenyewe nikiwa na sahani mkononi na haraka.

Tulijaza mapipa 20 kwa vikombe vitupu na karatasi, mawe chini, tukayapanga nyuma ya jukwaa mahali ambapo alasiri upepo unabanwa kwenye pembe na kuongeza kasi. Mzee mlinzi alileta kiti chake akakaa kuangalia. Ilipofika saa 10 nyasi zilikuwa zimelala na kofia ya fundi imekwenda. Mapipa yote 20 yalikuwa wima. Vikombe vilitoka kwenye mawili tu, na yote mawili yalikuwa yamejazwa kupita tundu.

"Na la kumi na saba," mzee akasema.

Nikatazama. Lilikuwa limefungwa, sikuona kitu.

"Sikiliza."

Mfuniko ulikuwa ukigonga. Bawaba imepinda, haikazi. Kwa sasa tumeuwekea tofali juu; kesho fundi anakuja na nyundo, na anataka kofia yake itafutwe demani.